Uzi wa wenye maumivu ya viungo: tusiishie kusema "ni baridi", tujue kinachotuuma na tupange upya kazi za nyumbani

BintiMtambwe (mwanzisha uzi)

Asalaam alaykum wanajukwaa.

Uzi huu nimeufungua kwa wenye magoti, viganja, nyonga na viuno vinavyouma siku zote, na kwa wanaowatunza wazee wao. Mie nina baridi yabisi ya mikono. Mama yangu yuko Pemba, magoti yake yote mawili yamesagika. Ni maradhi mawili mbalimbali yenye matibabu mbalimbali, lakini kila anayekuja kutuangalia hutuachia nasaha ile ile: hiyo baridi, msikanyage sakafu, jipakeni mafuta. Wanasema kwa mapenzi, nalijua hilo. Ila mtu akishaamini kwamba ni baridi haendi kupimwa, na yako maradhi ya viungo ambayo ukiyaachia miezi ya mwanzo yanaharibu kiungo na hakirudi tena kilivyokuwa.

Kwa hiyo kabla ya kuulizana dawa, tutazame maumivu yanakujaje.

Goti lililosagika ni lile ambalo gegedu limelika, yaani ule utando mgumu unaoteleza uliofunika ncha za mifupa. Goti hilo linauma ukilitumia: kupanda ngazi, kuteremka kwenye gari, kuinuka jamvini. Ukipumzika linatulia. Asubuhi linakakamaa kidogo, na kabla nusu saa haijatimia limeshafunguka. Huwapata zaidi watu wa makamo na wazee, waliowahi kuumia goti ujanani, na wenye uzito mkubwa.

Baridi yabisi ni kinga ya mwili inayoshambulia utando wa ndani ya viungo vyako mwenyewe. Sana huanzia kwenye vidole na vifundo vya mikono, kulia na kushoto kwa pamoja. Vinavimba, ukivigusa vina joto, na asubuhi mikono haikunjiki kwa saa nzima au zaidi, halafu inalegea kadiri unavyoitumia. Mwili wote unachoka. Wanawake huipata mara mbili hadi tatu kuliko wanaume, na inaweza kumkuta mtu bado kijana, ana mtoto wa kunyonyesha.

Ya tatu ni jongo, ambalo wengi wanaliita gauti. Hilo huja usiku, kidole gumba cha mguu kinavimba na kuwa chekundu, hata shuka ikikigusa hulali.

Baridi yenyewe haileti hata moja kati ya haya. Kipupwe kikiingia wengi wetu tunakakamaa zaidi, hilo ni kweli, na maji ya moto yanatuliza. Mie huloweka mikono kwenye beseni la maji ya uvuguvugu kabla ya kushika kazi yoyote. Lakini kutulizwa na maji ya moto hakumaanishi kwamba kilichokupata ni baridi.

Sasa nyumbani, na hapa ndipo nataka tuchangiane sana, kwa sababu daktari hukwambia "punguza kazi" na hajui kazi zetu zikoje.

Nianze na mbuzi ya kukunia nazi. Unakaa chini kabisa, magoti yamekunjwa hadi mwisho, kiuno kimeinama, na kifundo cha mkono kinazunguka nazi nzima. Kwa mwenye magoti mabovu au mikono mibovu sijui kazi mbaya kuliko hiyo. Mama yangu alikataa kuiacha, maana mchuzi wa nazi ya kununua kwake si mchuzi. Tukamwendea seremala akaufunga ule ulimi wa mbuzi kwenye ubao, ubao ukabanwa ukingoni mwa meza imara. Sasa anakuna akiwa amekaa kwenye kiti. Kukamua tui pia tumebadilisha: haminyi tena kwa vidole, anatia chicha kwenye kitambaa na kukandamiza kwa kiganja juu ya chujio. Wa mjini, mwenye mashine sokoni akikukunia, mpe akukunie, si uvivu.

Nguo usizikamue kwa kusokota. Zungusha kwenye bomba la maji uvute kwa mikono yote miwili, au zianike zikitiririka, jua letu linatosha. Ndoo ya lita 20 igawe mara mbili. Kikapu kitie kwenye mkono karibu na kiwiko, usikining'inize kwenye vidole. Ufagio wa chelewa ufungie mpini mrefu. Shabaha ni moja kwa zote: kazi ya kiungo kidogo ipe kiungo kikubwa, na kaa juu kila unapoweza kukaa juu.

Choo cha kuchuchumaa nacho kinawatesa wazee wengi na hawasemi, wanaona haya. Fundi wa kuchomelea anaweza kutengeneza kiti cha chuma chenye tundu, kikasimamishwa juu ya choo kile kile. Ukutani tia bomba la kushikia. Mama hajawahi kunishukuru kwa kitu alivyonishukuru kwa kile kiti.

Haya, nawaachia ukumbi. Semeni yenu.

Mwani_Jambiani

Waalaykum salaam dada. Umenigusa. Kilimo cha mwani kilipoanza huku kwetu mwaka 1989 mie nilikuwa msichana, na mpaka leo nimo. Bamvua, yaani maji makubwa, likija tunaingia pwani maji yakitoka, tunainama mpaka yarudi, siku kadhaa mfululizo. Magoti na kiuno vimekwisha. Na siwezi kuacha, ndio mfuko wangu. Nifanyeje?

MazoeziTiba

Salaam. Mie kazi yangu ni kuwafanyisha wagonjwa mazoezi ya viungo, nakujibu bi mkubwa hapo juu kwanza.

Kufunga mbegu kwenye kamba usikufanyie mchangani miguu imenyooshwa. Kufanyie nyumbani, kwenye meza au benchi. Shambani piga goti moja badala ya kuinama kutoka kiunoni, badilisha kila mara, na simama unyooke kabla maumivu hayajaanza, usisubiri yaanze. Mwani mbichi ni mzito sana kwa sababu ya maji. Maji yakianza kujaa, acha kiroba kielee ukikokote mpaka karibu na nchi kavu, kisha jaza nusu nusu. Na siku za bamvua usizipangie kazi nyingine nzito nyumbani. Kufua na kuchanja kuni vingoje maji mafu, bamvua likishapita.

Sasa kwa wote. Naona watu wakipatwa na maumivu ya goti wanalala. Kupumzika siku mbili tatu likiwa limevimba, sawa. Kulala miezi, hapana. Goti linashikwa na msuli wa paja, na paja lisipotumika linanywea, basi uzito wote unaangukia kwenye mfupa. Fanyeni hivi:

Kaa kwenye kiti, nyoosha mguu mmoja mpaka goti liwe sawa, uzuie hapo ukihesabu hadi tano, ushushe polepole. Mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Ukishazoea, ongeza kuinuka kwenye kiti cha juu bila kujisukuma kwa mikono, ukae tena taratibu. Halafu tembea. Sisi tuna neema ya pwani: maji yakitoka, mchanga ule mbichi ulioshikana ni mahali pazuri, ila mchanga mkavu unaozama unachosha goti. Wenye maumivu makali watembee ndani ya maji ya bahari yaliyowafika kiunoni, maji yanaubeba mwili.

Kipimo cha kujua umezidisha: maumivu kidogo wakati wa zoezi si neno, lakini yakiwa bado yamezidi mpaka kesho yake, punguza.

Uzito nao tuuseme bila kuoneana haya. Ukipunguza kilo moja, goti linapunguziwa mzigo wa kama kilo nne kwa kila hatua unayopiga. Kilo tano tu mtu anazihisi. Anzeni kwenye sukari ya chai na vitu vya kukaanga.

Na bakora inashikwa mkono wa upande wa mguu mzima. Goti la kulia likiuma, bakora iwe kushoto. Wengi wanashika kinyume.

Mwani_Jambiani

Hilo la kukiacha kiroba kielee nalifanya. La meza nitamwambia mwanangu. Shukran sana.

KijanaChake

Naomba niseme jambo zito kidogo. Babu yangu alikuwa ananunua vidonge vya maumivu vya diklofenaki kwenye duka la dawa, anameza kila siku kwa muda mrefu, hakuna aliyemuuliza kitu. Ana presha pia. Siku moja akaanguka, choo chake cheusi kama lami. Tulipomfikisha spitali tukaambiwa tumbo linatoka damu. Alhamdulillahi alipona, akaongezwa damu. Kwa nini watu hawaambiwi?

NesiMstaafu

Pole sana mwanangu, na mpe pole babu.

Diklofenaki, ibuprofeni na jamaa zake zinapunguza uvimbe kweli, lakini zinaondoa ile kinga ya ukuta wa tumbo, zinapandisha presha, na zinaziumiza figo. Kwa mzee anayetumia dawa za presha hatari inazidi, na akiwa anameza vile vya kuongeza mkojo, figo zinaweza kusimama kabisa. Si sumu. Ni dawa ya siku chache, kwa kipimo kidogo kinachotosha, baada ya kula, kwa mtu ambaye daktari anajua ana maradhi gani mengine. Ukiona choo cheusi chenye kunata, au unatapika kitu cha rangi ya kahawa, usingoje asubuhi.

Kwa goti na vidole vya mikono kuna diklofenaki ya kupaka. Inafanya kazi vizuri na kidogo tu ndiyo huingia mwilini, basi kwa wazee tuanze na hiyo. Panadol haina nguvu sana kwa viungo lakini tumbo inaliacha salama. Mtu mzima asizidishe vidonge vinane vya miligramu 500 kwa siku, na mzee aliyekonda au mwenye maradhi ya ini atumie pungufu ya hapo kama atakavyoambiwa na daktari.

Na kuna jingine linanikera mno. Ule unga na vile vidonge visivyo na jina vinavyouzwa kwenye vikaratasi, "dawa ya viungo, kesho unatembea". Dawa isiyo na jina ikikuinua kwa siku moja, jiulize ndani mna nini. Mara nyingi hizo huchanganywa na steroidi kama prednisoloni au deksamethasoni. Unapata nafuu ya ajabu, kisha uso unajaa na kuwa mviringo, sukari inapanda, mifupa inadhoofika. Na ukiwa umezitumia muda mrefu, usiziache ghafla, mwili unaweza kuzimia. Nenda na vikaratasi vyako spitali useme ukweli, upunguziwe taratibu.

Nahodha_Mkokotoni

Mie ni wa kidole gumba. Usiku wa kwanza nilidhani nimekanyaga kitu baharini. Daktari akanipima damu, akasema asidi ya yuriki iko juu, akanipa alopurinoli. Nikimeza wiki mbili kidole kikipoa naacha, kisha kinarudi. Na dagaa je, niache? Mie ni mvuvi, nitakula nini?

NesiMstaafu

Ami, alopurinoli si ya kutuliza maumivu. Kazi yake ni kushusha ile asidi ili vijiwe vidogo vidogo vilivyoganda kwenye kiungo viyeyuke, na hiyo ni kazi ya miezi. Humezwa kila siku, hata kidole kikiwa kizima. Miezi ya mwanzo kinaweza kuvimba tena ukiwa umo kwenye dawa, usikate tamaa, mwambie daktari akupe na ya kuzuia uvimbe. Ukitokwa na vipele mwilini, hapo simamisha uende siku ile ile.

Dagaa, maini, figo na supu nzito za nyama, punguza sana. Samaki mwingine kula, kwa kiasi. Soda na juisi zenye sukari nyingi nazo zinapandisha asidi, wengi hawalijui hilo. Kunywa maji, hasa ukitoka baharini juani. Na kama unameza vidonge vya presha vya kuongeza mkojo, mtajie daktari, baadhi yake ndivyo vinavyochochea jongo.

MkaafuuWete

Jamani, na mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, mbona hamyataji? Sisi Pemba tumekulia nayo. Bibi zetu walichuliwa nayo wakaishi.

BintiMtambwe

Kaka, mie ni wa Mtambwe, mafuta ya makonyo nimezaliwa nayo. Nayapenda na bado nayatumia. Yanachoma kidogo, yanapasha joto, na mtu akikuchua nayo unalala. Ila yale yanayotoka kiwandani Wawi ni makali, ukiyapaka matupu yanaunguza ngozi, hasa ya mzee. Tia matone machache kwenye kijiko cha mafuta ya nazi. Usipake penye jeraha, na ukimaliza usishike macho.

Lakini yanatuliza tu. Uvimbe wa baridi yabisi ndani ya kiungo hayaufikii. Mie nilikuwa nachuliwa kila jioni, huku vidole vinaanza kupinda. Kilichousimamisha ule upindaji ni dawa ya spitali. Kwa hiyo jipakeni, jichueni, tangawizi na manjano zitieni kwenye chakula, lakini na kipimo mkapime.

UkhtiMicheweni

Dada, hiyo dawa ya spitali ni ipi? Dada yangu mikono yake iko vile vile ulivyoeleza, ana miaka 34.

BintiMtambwe

Mie natumia methotreksati. Nakueleza nilivyoelezwa, daktari wake ndiye atakayeamua yake. Humezwa mara MOJA KWA WIKI. Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu kuna watu waliimeza kila siku kwa kukosa kuelewa, na hiyo inaua. Mie nimeifungia siku ya Ijumaa baada ya Isha. Siku nyingine nameza foliki asidi ili kupunguza kichefuchefu na vidonda vya mdomoni. Damu inapimwa kila baada ya muda kutazama ini, figo na chembe za damu. Haianzi kazi leo, subira ya wiki kadhaa mpaka miezi inatakiwa. Na kwa kuwa dada yako bado yumo kwenye umri wa kuzaa, aseme mapema kama ana mimba au anataka kuzaa, maana hii haifai kabisa kwa mimba. Zipo nyingine zinazofaa, kama haidroksiklorokwini, ila hiyo inataka macho yawe yanapimwa.

Aanzie kituo cha afya, aombe kuandikiwa rufaa. Pemba kuna hospitali za Wete, Chake Chake na Abdulla Mzee kule Mkoani, na kwa Unguja rufaa ni Mnazi Mmoja. Aeleze mikono inakakamaa muda gani asubuhi. Akipiga picha ya vidole kwa simu vikiwa vimevimba, aende nayo, kwa sababu siku ya kuonana na daktari vinaweza kuwa vimenywea.

Na wewe ukhti, msaidie na jingine. Wakati wangu mgumu ulikuwa watu kuniona mzima usoni huku siwezi kufungua chupa ya maji. Mtu akisema "mbona jana ulikuwa huna kitu", inauma kuliko vidole. Maradhi haya yana siku nzuri na siku mbaya. Watu wa nyumbani wakilielewa hilo mzigo unapungua nusu.

MamaSkuli

Mtoto wangu wa miaka tisa analalamika goti, juzi lilikuwa goti, leo ni kifundo cha mguu, na joto la mwili linapanda. Wiki chache nyuma alikuwa na koo. Naye ni baridi yabisi?

NesiMstaafu

Mama, mpeleke leo. Usimpake kitu ukangoja. Maumivu yanayohama kiungo hadi kiungo kwa mtoto mwenye homa aliyekuwa na koo, tunaogopa homa ya rumatiki. Viungo vyenyewe hupona, ila inaweza kuharibu milango ya moyo. Ikigundulika, huchomwa sindano ya penisilini kila wiki tatu au nne kwa miaka, ili isirudi. Waambie pia wampime selimundu (sickle cell), maana nayo huleta maumivu makali ya mifupa kwa watoto wetu. Kiungo kimoja kikivimba ghafla na homa kali, kwa mtoto au mkubwa, huenda kimeingia usaha, hilo ni la dharura vile vile.

Na watu wazima msisahau chikungunya inayoletwa na mbu. Homa huisha kwa siku chache, viungo vikabaki vinauma miezi.

MamaSkuli

Tunaondoka sasa hivi. Niombeeni.

Ustadh_Kikwajuni

Allah amponye mtoto.

Naongeza la sala, kwa kuwa wazee wengi wanatuuliza. Imran bin Huswayn (radhi za Allah ziwe juu yake) alikuwa na bawasiri, akamuuliza Mtume (SAW), akaambiwa aswali kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, asipoweza kwa ubavu. Imo katika Bukhari. Basi mwenye goti bovu anayeweza kusimama asimame, na sijda asiyoiweza aifanye kwa kuashiria akiwa kwenye kiti, akiinama zaidi kuliko alivyoinama kwenye rukuu. Nimewaona wazee wanaacha sala ya jamaa kwa kuona haya kukaa kwenye kiti msikitini. Kamati za misikiti ziweke viti pembeni mwa safu, bila mzee kulazimika kuomba. Udhu, alfajiri ya baridi, pasha maji.

Kwa Ramadhani, dawa ya kupaka haiharibu saumu. Vidonge viulizwe kwa daktari kabla ya mwezi kuandama, ili vipangwe futari na daku. Diklofenaki isimezwe kwenye tumbo tupu.

MkaafuuWete

Bi Mtambwe, nimekubali la mafuta. Sasa hicho kiti anachokalia mama yako akikuna nazi, nikimwendea fundi vipimo vyake vipi? Mama yangu naye msimu ukiingia anakaa jamvini anachambua karafuu kutoka kwenye makonyo tangu asubuhi, kuinuka mpaka tumshike watu wawili.

BintiMtambwe

Mpime yeye mwenyewe, usichukue kipimo cha kiti cha sebuleni. Asimame amevaa kandambili zake, pima kutoka chini mpaka ule mkunjo wa nyuma ya goti. Kiti kiwe juu ya hapo kama upana wa vidole vitatu au vinne, ili akikaa nyonga ziwe juu kidogo ya magoti. Mikono ya kiti iwe imara na ifike mbele kabisa, kwa sababu huko ndiko anakojisukumia akiinuka. Kisiwe na mto laini wa kuzama.

Kwa karafuu, tengeneza na meza ya kimo chake yenye ukingo, karafuu zisimwagike. Na mwekee mtu wa kumwita ainuke atembee uani kila baada ya muda, kwa sababu mama zetu wakishika karafuu hawainuki wenyewe mpaka ziishe. Fundi akimaliza tutumie picha humu, wa huku Unguja nao waige.